Flash ya Pili

"Mgonjwa ametoka hospitali."

Maneno matatu tu. Mastura Shariff aliyasoma, akaifuta meseji, akarudisha kidevu chake kwenye vumbi.

Mgonjwa ni ndege aina ya Cessna Caravan. Hospitali ni uwanja wa ndege wa Eldoret. Aliyetunga lugha hiyo ya siri alikuwa bwana fulani wa makao makuu ambaye hajalala kifudifudi mavumbini tangu alipoacha kutambaa.

"Wameruka," Mastura alimwambia mwenzake.

"Finally," Trizah alinong'ona. "Madam, mguu yangu imekufa ganzi."

"Wangu ulikufa zamani. Utazoea."

Walikuwa wamejificha chini ya mikonge iliyoota ovyo, kando ya kiwanja cha ndege cha shamba lililofilisika miaka mingi iliyopita. Juu yao kulikuwa na machimbo ya Kariandusi, na upepo wa asubuhi ulikuwa ukiteremsha vumbi lake jeupe na kupaka kila kitu: majani, bunduki, nyusi. Trizah, ofisa hodari wa kulenga shabaha ambaye wanaume wa kikosi kizima walimwogopa, alifanana na mpishi wa chapati.

Mbele yao ilisimama Toyota Land Cruiser ya kijani. Wanaume watatu waliizunguka. Wawili walibeba AK-47 waziwazi. Wa tatu alikuwa Mzungu mrefu mwenye begi begani, na kila mara aliinua mkono kutazama saa yake ya Omega.

Brandt.

Mastura alimwangalia kupitia darubini ya bunduki yake, Sako ya masafa marefu, na hakuhisi kitu. Zamani alikuwa akihisi. Hasira, hamu, hata furaha ya kumwona mbaya wake uso kwa uso. Siku hizi alihisi magoti tu.

Brandt alikuwa ametumwa na watu wa ng'ambo waliotaka mabomba ya mvuke wa umeme kule Naivasha yalipuke, nchi iingie gizani, kisha wao waje na mitambo yao kama wakombozi. Kila Alhamisi, kwa miezi minne, mzigo ulioandikwa dawa za maua ulipakiwa Eldoret kwenye ndege ya kampuni ndogo iitwayo Korongo Air. Ndege ilifika Wilson, Nairobi, bila mzigo. Leo ilikuwa safari ya mwisho, na ndani yake mlikuwa na vilipuzi vyenyewe. Na begi lile begani lilisema wazi kwamba Brandt hakuja kupokea mzigo tu. Alikuja kuondoka.

Kazi yote hii ilianza kwa swali la kitoto: kutoka Eldoret hadi Wilson ni mbali kiasi gani?

Ogola, bosi wake, ndiye aliyemgeuzia kompyuta siku ya kwanza.

"Angalia hii website. Kilomita mia mbili sitini hewani. Caravan inatumia kitu kama saa moja kasorobo, ikizidi sana ni saa moja. Korongo Air wanafika hivyo siku zote. Except Thursday."

"Alhamisi wanachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu. Wanasema ni headwind."

"Upepo unaovuma Alhamisi pekee?"

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Basi ndege ilikuwa ikitua mahali katikati. Wapi? Rubani alizima mtambo wa kuonekana kwenye rada mara alipovuka Timboroa, na Bonde la Ufa limejaa viwanja vidogo: vya mashamba ya maua, vya ranchi, vya hoteli, vya masetla waliokwisha kuoza. Kuweka askari kwenye kila kimoja ni kumpigia Brandt ngoma.

Mastura akapangishiwa nyumba Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, ukuta kwa ukuta na mama mzazi wa rubani. Idara ilimpa jina, Mama Malak, mjane wa Bondeni anayepika mahamri. Ilimpa hata binti, Malak, anayefanya kazi Doha. Malak hakuwahi kuzaliwa. Mastura hakuwahi kuzaa. Serikali ikitaka inakupa familia kwa barua pepe moja, na inaichukua kwa nyingine.

Mama wa rubani aliitwa Rahab. Huyo alikuwa mjane wa kweli, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na huruma isiyo na breki. Siku ya pili tu alibisha hodi na sufuria ya mukimo. Mastura akajibu kwa mahamri. Mwezi wa kwanza haujaisha, walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku, na Mastura alijikuta akiingoja hiyo saa ya chai, jambo ambalo hakuliandika kwenye ripoti yoyote.

Kila ndege ya mwanawe ilipopita, Rahab alitoka mbio uani na kitambaa chekundu cha meza, akapunga. Huko juu, Jerry Kahiga aliinamisha bawa moja kumwamkia. Mtaa mzima uliwatania. Mstari ulionyooka wa kutoka Eldoret hadi Wilson haupiti Kiamunyi hata kidogo; Jerry aliupinda kila siku ili mama yake amwone. Kilomita za mtandao hazina mama.

Ila Alhamisi alipita bila kuinamisha bawa.

"Alhamisi huwa amechoka," Rahab alimtetea. "Kazi mingi."

Mastura alijua sura ya aibu hata ikiwa angani.

Kisha ikaja Alhamisi iliyopita. Ndege ilipita, kitambaa kikapungwa bure, wakarudi kwenye chai. Baada ya kama dakika kumi, kabambe ya Rahab, simu yake ndogo ya vitufe, ililia mara moja pale mezani, ikakatika. Flash tu.

"Haya, amefika," Rahab alisema, akatabasamu.

"Nani?"

"Si ni Jerry. Magurudumu ikisimama, lazima aniflashie. Ni ahadi, tangu baba yake."

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alitoka kwenda Eldoret, na Rahab akamwekea chakula, akakifunika. Kwa siku tatu alikipasha moto na kukifunika tena, kabla mtu hajaja kumwambia kwamba lori lilikuwa chini ya mteremko wa Salgaa. Makaburini, Jerry, akiwa bado na sare ya shule, alimwahidi mama yake kwamba hatamngojesha hivyo hata siku moja. Akifika popote, atamjulisha.

Birika likapashwa, vikombe vikajazwa mara ya pili. Na kabambe ikalia tena mara moja, ikakatika.

"Na hiyo?"

"Ni yeye tena. Alhamisi huniflashia mara mbili." Rahab alimsogezea sukari. "Huyo mtoto ananipenda, Mama Malak. Wewe hujui tu."

Kikombe cha Mastura kilibaki hewani.

Rubani amezima kila chombo cha kumwonyesha. Ameidanganya minara ya viwanja viwili. Lakini ameshindwa kutua mahali, hata pa wizi, bila kumwambia mama yake kwamba amefika salama. Brandt angempekua kwa mashine zote za duniani na asingeliona kosa hilo. Huko kwao Brandt mtu akifika amefika, hakuna anayeulizia.

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya darasa la sita. Mwendo wa ndege unajulikana. Muda kutoka paa la Rahab hadi flash ya kwanza unajulikana. Mastura alifungua ramani, akazungusha duara kutoka Kiamunyi, na duara likapita juu ya kiwanja kimoja tu kirefu cha kutosha na kilichosahaulika cha kutosha.

Alikuwa amekilalia sasa.

Asubuhi hiyo alipotoka, alimwambia Rahab anakwenda Naivasha kumwona dada yake. Rahab alimsindikiza hadi getini.

"Ukifika uniflashie," alisema, bila hata kufikiri, kama mtu anavyosema kwaheri.

Mastura alisimama na mkono kwenye komeo. Hakukumbuka ni lini mtu alimwambia neno hilo mara ya mwisho. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, alifanya jambo alilolionea aibu hata kabla halijatoka mdomoni.

"Na wewe, Mama Jerry, ndege ya kijana ikipita hapa niflashie. Niangalie juu, nimpungie nikiwa huko."

Rahab alifurahi mpaka akapiga makofi.

Sasa, pale chini ya mikonge, simu ilitetemeka mfukoni mwa Mastura. Mara moja. Ikakatika.

"Amepita Kiamunyi," alisema. "Tuna dakika kumi."

Trizah aligeuka taratibu. "Ngoja. Huyo ni mamake ametupea signal?"

"Ndiyo."

"Aki madam. Hiyo ni mbaya."

"Najua ni mbaya. Angalia mbele."

Redio ya Motorola ilikoroma sikioni. Ogola.

"Mastura, tuna shida. Lori imelala barabarani hapa Gilgil. Kikosi chote kimekwama."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa. Labda zaidi."

"Ndege haitakaa nusu saa. Wanapakua injini ikinguruma, wanaondoka."

Mastura alisikia honi za malori nyuma ya sauti ya bosi wake.

"Basi isiruke," Ogola alisema. "Brandt akiingia hewani, kesho ako nchi nyingine, na hao wengine hawajui chochote. Unayo bunduki."

"Nipige injini?"

"Kuna vilipuzi ndani, na risasi moja kwa injini si guarantee. Piga rubani. Umecopy?"

Mdudu mdogo alikuwa akipanda jani la mkonge mbele ya uso wa Mastura, mweupe kwa vumbi kama wao.

"Mastura. Umecopy?"

"Nimekusikia."

Ndege ilitokea upande wa Nakuru, chini chini. Ilizunguka mara moja, ikashuka, ikatimua wingu jeupe lililofunika Land Cruiser na wenyewe. Wingu lilipotulia, Caravan ilikuwa imesimama, panga boi likizunguka, mlango wa mizigo wazi. Wale wawili wakatundika AK mgongoni, wakaanza kushusha makasha.

Mastura alisogeza darubini hadi kwenye kioo cha rubani.

Jerry Kahiga. Shati jeupe lililopigwa pasi. Pua ya Rahab. Hakuwatazama waliokuwa wakishusha mzigo, alitazama mbele tu. Halafu akachomoa simu mfukoni, akabonyeza kwa dole gumba, akasubiri kidogo, akakata.

Kule Kiamunyi mama mmoja alikuwa ametabasamu.

Msalaba wa darubini ulikaa kifuani pa shati lile jeupe. Kidole kilijua kazi yake. Mastura alikwisha kutekeleza amri ya namna hii mara mbili maishani, na mara zote alilala usiku huo huo. Lakini wale hakuwa amekula mukimo wa mama zao. Alihisi uchovu mzito, wa miaka, ukimpanda kutoka magotini hadi kooni, na ndani ya uchovu huo mlikuwa na neno moja tu.

Hapana.

Alitoa kidole kwenye kifyatulio.

"Trizah, kaa na Brandt na hao wawili. Usiguse makasha."

"Na wewe?"

"Napiga simu."

Namba aliijua kwa moyo, kutoka kwenye kabambe ya Rahab. Iliita. Kwenye darubini alimwona Jerry akishtuka, akitazama skrini, akigusa visikizi vyake.

"Hello? Nani?"

"Mama Malak. Jirani ya mamako."

"Mama Malak?" Sauti ilipanda. "Mum ako sawa?"

"Ako sawa. Amepata flash yako. Usigeuze kichwa, Jerry, nakuona."

"Unaniona? Uko wapi?"

"Nyuma ya bunduki. Skiza vizuri, sitarudia. Nimeambiwa nikupige. Hizo si dawa za maua, na wewe unajua."

Jerry aliendelea kutazama mbele.

"Mwanzo nilidhani ni dawa."

"Na baadaye?"

"Baadaye sikuuliza."

"Basi leo usiulize pia. Kata mafuta, zima injini. Toka na mlango wa kulia, anguka chini, tambaa mpaka kwa mtaro."

"Huyu mzungu ataniua."

"Labda. Mimi nitakuua bila labda. Ukibaki kwa hicho kiti, mamako atakaa na hiyo kabambe akingoja flash ya pili. Babako, mama alimngoja siku tatu. Wewe atakungoja mpaka lini?"



Kasha la mwisho lilitua chini. Brandt alitupa begi lake ndani, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Jerry."

Mkono wa rubani ukasogea.

Mngurumo ulipungua, ukawa filimbi, filimbi ikafifia. Mapanga yakaanza kuonekana moja moja. Kikaja kimya ambacho Brandt hakukipangia.

Brandt akainua kichwa.

Mlango wa kulia ukafunguka. Jerry alianguka kama gunia la viazi, akaanza kutambaa.

"Polisi!" Trizah alinguruma. "Mikono juu! Juu!"

Wale wawili walimwangalia Trizah na MP5 yake. Wakaangalia makasha ya vilipuzi waliyokuwa wameyaegemea. Wakavua AK zao, wakaziweka chini polepole sana, kama watu wanaoweka mayai.

Brandt hakuweka kitu. Alichomoa Glock na kukimbia kuzunguka pua ya ndege, akainama, akaliona shati jeupe likitambaa.

Risasi mbili.

Jerry akapiga kelele.

Mastura alivuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua mara moja. Brandt alizunguka, akakaa chini kwa kishindo, Glock ikaruka mbali. Begi lilikuwa ndani ya ndege. Yeye alikuwa nje, ameshika bega. Mbio za sakafuni.

Kusimama kulimchukua Mastura muda mrefu kuliko mapambano yote. Alichechemea hadi pale alipokaa Brandt, akaisukuma Glock kwa mguu.

"How?" Brandt aliuliza kwa Kiingereza, uso umemwiva. Kisha kwa Kiswahili chake kibovu: "Nani alisema? Nani?"

"Hakuna aliyesema," Mastura alimjibu. "Uliajiri mtu aliyelelewa."

Akamwacha na Trizah, akaenda mtaroni.

Risasi moja ilikuwa imepita paja la Jerry. Vumbi jeupe lilikuwa limegeuka tope jekundu chini yake. Mastura alipiga magoti, magoti yakalalamika, akavua mtandio wake na kuukaza juu ya jeraha mpaka damu ikapungua. Kisha akaiokota simu ya kijana majanini, akaifuta, akampa.

"Mflashie. Anangoja."

Jerry aliishika kwa mikono miwili. Machozi yalichora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake.

"Hiyo huwa ni ya kufika," alisema. "Mimi sijafika, Mama Malak."

Akamrudishia.

Katika kazi yake Mastura alikwisha kudanganywa na mawaziri, wafanyabiashara na wapenzi wake wawili, na sasa mtu aliyefungwa mtandio mguuni alikuwa akikataa kumdanganya mama yake kwa mlio mmoja wa simu. Moyo ulimuuma waziwazi, pale pale, na alishangaa kwamba bado ulijua kuuma.

Motorola ilikoroma. "Ripoti," alisema Ogola.

"Mzigo tunao. Brandt tunaye, ametobolewa bega. Wawili wamejisalimisha. Leta ambulensi."

"Rubani?"

"Hai. Mguu."

"Mastura, amri ilikuwa clear."

"Injini ilizimika."

"Ilizimikaje?"

"Andika headwind."

Ogola alikohoa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Alijua mahali pa kuacha.

"Sawa. Skiza, Kiamunyi usirudi. Watu wetu watafunga nyumba leo. Mama Malak amehamia Doha kwa binti yake, ndivyo majirani wataambiwa. Ni procedure."

"Nimekusikia," Mastura alisema, akaizima redio.

Kikosi kilifika kikiwa kimechelewa na kikiwa na kelele, kama kawaida ya vikosi. Jerry aliinuliwa kwenye machela, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma. Mastura alimkabidhi Trizah ile Sako.

"Leta funguo za Probox."

"Unaenda Nairobi, madam? Nikuendeshe?"

"Hapana."

Aliteremka kwenye njia ya mkonge, akiburuta mguu mmoja. Katikati ya njia alikumbuka. Alisimama, akatoa simu, akabonyeza jina la Mama Jerry. Iliita mara moja. Akakata.

Nimefika. Hakukumbuka ni lini alimwambia mtu hivyo.

Flash ya kufika haipigiwi, ni ya kujulisha tu. Hiyo ndiyo maana yake. Lakini simu yake iliita papo hapo, na haikukatika.

"Mama Malak, nimeona umefika, asante. Lakini skiza." Pumzi za Rahab zilikuwa karibu mno na simu. "Jerry ameniflashia mara moja tu leo. Chai imepoa, nimepasha tena, imepoa tena. Unafikiri ni network?"

Mastura alifumba macho. Nyuma yake ambulensi iliwashwa.

"Si network, Mama Jerry. Jerry ako hai. Ameumia mguu, na amekamatwa, lakini ako hai, nimemshika kwa mikono yangu."

Jogoo aliwika huko Kiamunyi.

"Wewe umejuaje?"

"Ndiyo nakuja nikuambie. Yote. Na mimi ni nani. Ukimaliza kuniskiza utanifukuza, na utakuwa na haki."

Alingoja. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kilio, kwa simu kukatwa. Rahab alivuta kamasi, na sauti yake iliporudi ilikuwa imezeeka.

"Kuja," alisema. "Na ukifika usiniflashie. Bisha mlango, nikuone uso."

"Sawa, Mama Jerry."

Mastura alitia simu mfukoni. Alikung'uta vumbi jeupe mabegani, akaingia kwenye Probox, akawasha gari. Alipofika barabara kuu, Nairobi ilikuwa upande mmoja na Nakuru upande wa pili. Akakata kona kwenda Nakuru, bila kuharakisha.